Bi Saa na Kisanduku cha Mwangwi

Bi Saa na mkwe wake hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya kwanza, na kila aliyewajua alilijua hilo. Bendi ilikuwa ya Bi Saa. Alipiga dramu tangu mumewe angali hai, na jina hilo alipewa na wachezaji dansi, kwa kuwa mapigo yake, walisema, hayakuwahi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mwanawe wa pekee alipiga besi. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliimba. Gita lilipigwa na mke wa mwanawe, mwanamke mwembamba wa vidole virefu ambaye watu walimwita Nyuzi. Nyuzi aliingia kwenye bendi kwanza, kisha akaingia kwenye ndoa, na ni hilo la pili ambalo Bi Saa hakumsamehe.

Siku Nyuzi alipokuja mazoezini na kisanduku cha mwangwi, Bi Saa alikitazama kama mtu aliyeletewa mgeni bila kuulizwa. Mazoezi yalifanyika kwenye stoo nyuma ya nyumba yake, kati ya magodoro yaliyoegeshwa ukutani ili majirani wasilalamike. Kisanduku chenyewe kilikuwa cha bati zito la rangi ya maziwa, chenye vitufe vitatu vya kuzungusha na taa nyekundu, kimetengenezwa juzi tu lakini kwa sura na sauti ya vile vya zamani. Ukigusa nyuzi, sauti ilitoka, kisha ikatoka tena, hafifu kidogo, kisha tena, kama mtu anayeondoka huku akiita. Wala haikurudi kavu. Ilirudi na ukungu ukungu, kama kanda iliyochezwa hadi ikachoka.

Nyuzi alichuchumaa akaunganisha waya: kutoka kwenye gita hadi kwenye kisanduku, kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye amplifaya. Kwa haraka akakiwashia umeme kwa adapta ya redio iliyokuwa pale pale. Stoo nzima ikavuma.

"Umetuletea nyuki," alisema Bi Saa bila kuinua kichwa. Alikuwa akikaza ngozi ya dramu ndogo.

Nyuzi akajikaza kisabuni. Alirudi kwenye begi, akatoa adapta iliyokuja na kisanduku, na mvumo ukakatika. Kisha akaanza kazi yenyewe. Kitufe cha pili kilipanga mwangwi urudi mara ngapi, cha tatu kilipanga urudi kwa nguvu gani, na hivyo viwili havikumsumbua. Shughuli ilikuwa kwenye kitufe cha kwanza, kilichopanga muda kati ya sauti na mwangwi wake. Ukikosea hapo, mwangwi unaangukia katikati ya mapigo, kama mtu anayedakia maneno ya wenzake.

Alimwomba mama mkwe ampigie mwendo wa wimbo wa kufungulia, taratibu tu, apate kukipima. Bi Saa akamjibu kwamba yeye hapigii mabati. Nyuzi akasubiri mpaka wimbo ulipoanza kwa ajili ya wote, akakizungusha kitufe kidogo kidogo huku ametega sikio, na ghafla kikakaa. Gita moja likawa mawili, la pili likitembea ndani ya nyayo za la kwanza. Mwimbaji akageuka akatabasamu. Mume wa Nyuzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wimbo ulipokwisha, Bi Saa aliweka vijiti magotini.

"Marehemu alipiga gita maisha yake yote," akasema, "na hakuwahi kurudia neno."

Walipiga kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao na feni zinazolia, ambako watu wazima walikuja kucheza wawili wawili. Jumapili hiyo kisanduku kilianza vizuri. Lakini kila wimbo ulipofika katikati, mwangwi ulianza kuwahi. Kwanza kidogo tu, mtu angedhani ni masikio yake. Baadaye ukawa unajikwaa waziwazi kwenye dramu, na Nyuzi akalazimika kukizima kwa mguu. Wakati wa mapumziko Bi Saa alisema, akihakikisha kwamba mhudumu wa vinywaji na mwenye ukumbi wanasikia, kuwa kitu kikitengenezwa kifanane na kizee basi na maradhi ya uzee kinayapata. Watu wakacheka. Mume wa Nyuzi akatazama viatu vyake.

Nyuzi alirudi nyumbani roho inamchemka. Kesho yake alikiweka kisanduku mezani, akafungua kwenye simu ile programu inayogonga mapigo kama saa, na akavipiga vyote viwili pamoja. Akaandaa chai, akainywa, akarudi. Kisanduku na simu vilikuwa bado vinatembea sambamba, hakuna aliyemwacha mwenzake. Alisimama pale na kikombe mkononi mpaka maana yake ikamwingia. Mwangwi haukuwa unawahi. Dramu ndizo zilizokuwa zinachelewa. Bi Saa alikuwa anavuta mwendo nyuma.

Itakuwa uongo kusema kwamba alisikitika. Alifurahi, na alifurahi kwa ubaya. Alikumbuka kila sahani aliyorudishiwa ioshwe upya, kila mgeni aliyeambiwa na Bi Saa mbele yake kwamba mwanawe angeweza kuoa vizuri zaidi. Mumewe aliporudi kutoka kazini, Nyuzi alijaribu kumweleza alichokigundua, lakini yule bwana alinyanyua mkono kabla hajamaliza sentensi. Alisema hayo ni mambo ya wanawake wawili na yeye asiingizwe. Basi Nyuzi akakaa na silaha yake kimya.

Jumapili iliyofuata aliitumia. Walipofika kwenye wimbo wa tatu, ule ambao watu huupenda zaidi, alisubiri mpaka Bi Saa alipoanza kushuka mwendo, na badala ya kukizima kisanduku akainama akazungusha kitufe cha pili na cha tatu mpaka karibu na mwisho. Mwangwi ukajaa ukumbini, mzito, haukomi, ukienda kwa mwendo ule wa mwanzo. Dramu zikaenda mwendo wake mwingine. Bi Saa aligundua mara moja anachofanyiwa. Alimtolea macho juu ya matoazi, na kwa hasira akapiga kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyoongeza nguvu ndivyo alivyozidi kuchelewa. Nyuzi hakugusa kitu. Alimtazama naye.

Alichotarajia ni kwamba watu watamsikia Bi Saa akichelewa, jina lake liishie hapo. Haikuwa hivyo. Wachezaji hawakujua wamfuate nani. Mzee mmoja alimkanyaga mkewe, wengine wakagongana mabega, na wawili wawili wakaanza kuondoka sakafuni kwenda kukaa, wakitazama jukwaa kama watu waliosimama nje ya nyumba yenye ugomvi. Wimbo ulikwisha mbele ya sakafu tupu.

Mwenye ukumbi aliwaita pembeni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema hajui muziki na hataki kujua nani mwenye makosa, anachojua ni kwamba watu wake wamekaa chini. Ikitokea tena, Jumapili ataipa bendi nyingine. Bi Saa alimsikiliza kwa adabu, mikono nyuma, na Nyuzi akaona kwamba mkono wake wa kushoto ameushika kwa wa kulia.

Siku chache baadaye Bi Saa alimwita Nyuzi stoo, asubuhi, mwanawe akiwa kazini. Hakumkaribisha kiti. Alikaa nyuma ya dramu zake akamwambia awashe hicho kitu chake na apange vitufe vyake kama Jumapili ile ya kwanza. Nyuzi akapanga, wakaanza. Walipofika katikati, mwangwi ukamdaka Bi Saa. Akaacha kupiga, akaamuru waanze upya. Wakaanza upya, na mwangwi ukamdaka tena, pale pale. Mara ya tatu alifumba macho, akapiga kwa kuuma meno, jasho likimtiririka shingoni, na Nyuzi akayaona yote: mkono wa kushoto haukuwa unapanda. Bega lilikuwa linauburuta kama mlango uliokwama. Kijiti kikamtoka, kikaviringika hadi chini ya magodoro.

Nyuzi alikwenda akakiokota, akamrudishia.

"Tangu lini, Mama?"

"Sijakuita hapa uwe daktari." Bi Saa alikipokea kijiti kwa mkono wa kulia. Akakitazama kisanduku, taa yake nyekundu inawaka. "Hicho kitu, mwendo wake unaweza kupunguzwa wimbo ukiendelea?"

Nyuzi alimweleza kwamba inawezekana, ila ukizungusha kitufe cha kwanza sauti inapinda, na isitoshe mikono yake yote miwili iko kwenye gita.

"Una miguu," alisema Bi Saa.

Basi Nyuzi akavua kiatu. Asubuhi ile nzima walikaa mle ndani wakichukiana na kufanya kazi. Alijifunza kukisukuma kitufe kwa kidole gumba cha mguu, unywele tu, katika ule upenyo ambapo gita limenyamaza. Akizidisha, mwangwi ulipinda ukalia vibaya, na Bi Saa hakuiachia nafasi hata moja. Alimwambia anasikia mbuzi. Alimuuliza kama kwao watu wote wana miguu mizito hivyo. Nyuzi naye akamwambia kuwa kama Mama angesema mapema anapotaka kushuka, mguu usingekuwa na haja ya kubahatisha. Bi Saa akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kwamba akigonga ukingo wa dramu ndogo ndiyo ishara kwamba anashuka. Wakajaribu hivyo. Ikakubali.

Nyuzi alipokuwa anavaa kiatu, mama mkwe alimzuia mlangoni. "Mwanangu asijue habari ya bega. Akijua, nitajua imetoka wapi."

"Akiniuliza sitamdanganya."

"Hatakuuliza. Unamjua yule."

Kilichomuuma Nyuzi ni kwamba ilikuwa kweli, na kwamba katika dunia nzima ni mwanamke huyu tu aliyemjua mumewe sawasawa na yeye.

Jumapili iliyofuata alipanda jukwaani mguu mmoja pekupeku. Bi Saa aligonga ukingo, kidole kikasukuma, mwangwi ukashuka pamoja naye, na hakuna aliyejikwaa. Kwa kuwa nyimbo sasa zilitulia kadiri zilivyoendelea, wachezaji wakasogeleana, na mwenye ukumbi akaonekana mlangoni amekunja mikono, anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo. Kabla ya wimbo wa mwisho Bi Saa alisogezewa maiki, akawatambulisha wanabendi kwa sifa moja moja. Alipofika kwa Nyuzi alisema, na huyu ni mke wa mwanangu, kila niendapo ananifuata nyuma kama hicho kisanduku chake. Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote, tena karibu na sikio lake, ni mumewe.

Nyuzi alipiga wimbo wa mwisho kama ulivyotakiwa, uso unamuwaka. Walipokuwa wanakunja waya, mumewe alimuuliza kwa utani imekuwaje siku hizi anapiga pekupeku, au viatu vinabana.

"Muulize mama yako," alisema.

Bi Saa, aliyekuwa nyuma yao, alisimama ghafla. Lakini yule bwana hakumuuliza mtu chochote. Alimsogelea mama yake, akaiwahi dramu kubwa kabla mama hajaiinua, akaipeleka kwenye gari. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo siku zote, na Nyuzi akagundua kwamba kweli alikuwa akifanya hivyo siku zote. Hata kwenye mapumziko, ni yeye aliyekuwa akimfungulia chupa ya maji.

Aliporudi, Nyuzi alikuwa amesimama njiani.

"Ulikuwa unajua."

Alijaribu kutabasamu. Mwisho akakiri kwamba ndiyo, alilijua bega muda mrefu, na alikuwa akishuka naye kwenye besi, taratibu, wimbo kwa wimbo, ili pasiwe na mtu wa kusikia. Hakuna aliyesikia. Mpaka kilipoletwa hicho kitu kisichojua kusitiri.

"Na nilipochekwa kwamba nimenunua bati bovu?"

"Sasa ningesema nini? Yule ni mama yangu."

Nyuzi hakupaza sauti. Alimwambia kwamba amemwacha achekwe mbele ya ukumbi mzima, na usiku ule mzima amelala naye kitanda kimoja akimwona anavyojiuliza kosa ni la nani, na neno moja tu lingetosha. Mumewe akasema mambo yameshapita. Hapo sauti nyingine ikaingia.

"Kwa hiyo mimi umekuwa ukinibeba," alisema Bi Saa. Alikuwa amekuja karibu, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, na safari hii hakuuficha. "Mimi. Kwenye bendi yangu. Ukanifanya niamini bado nashika mwendo."

Mwanawe akasema, Mama, nilikuwa nakusitiri.

"Huyu hanipendi," Bi Saa akasema, akimnyooshea Nyuzi kidevu, "na ndiye aliyeniambia ukweli."

Alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akamwonyesha mwanawe nafasi iliyobaki kati ya dramu na amplifaya. Yule bwana, mtu mzima na ndevu zake, akaingia akakaa na besi magotini. Nyuzi aliweka kisanduku kwenye begi, akafunga zipu, akapanda mbele kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa. Bi Saa akawasha gari. Alishika usukani kwa mkono mmoja, akatazama mbele.

"Na wewe usidhani umepata rafiki," alisema.

"Sijaomba, Mama," alijibu Nyuzi, akavuta mkanda akaufunga.