Kuaga Mlangoni kwa LaVonne

...kwa sababu hapa Vesterby ukipiga paja ukasema "haya" hujaaga bado, umetoa taarifa tu kwamba kuna kuaga kunakuja, na Ardis amekwisha kupiga paja jikoni, akapiga tena sebuleni, na sasa amesimama mlangoni kwa jirani yake LaVonne, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umekumbatia bakuli la LaVonne alilokuja kulirudisha, koti limefungwa hadi kidevuni na jasho linamtambaa mgongoni, na neno alilokuja nalo halijatoka, nahama, neno moja tu jamani, nahama LaVonne, nakwenda Minneapolis kwa binti yangu, na huyo binti, Kristi, alishasema kwenye simu, "Mama, ile nyumba ya huku haitakungoja milele, king'ora cha mji wenu cha saa sita mchana kikilia uwe umenijibu, unakuja au huji," na saa sita ndiyo hiyo inabisha hodi, lakini utamkatizaje mtu, mgeni ndiye mwenye "haya", mwenyeji hana, mwenyeji akisema "haya" ni kama amekushika kola akakutupa nje, haijasikika mji huu hata kwa wauza bima, mwenyeji kazi yake ni kuongea mpaka mgeni apate nguvu za kufungua mlango, na LaVonne anaongea, anasema nini sasa...

"...theluji ya mwaka huu itatuua, mwenzangu, magoti yangu yameanza kulia tangu Septemba, tutazikwa wazima wazima humu," theluji, hebu msikie, na moyoni Ardis anaruka kuitetea kama mtu aliyetukaniwa mama yake, theluji imefanya nini, mbona asubuhi baada ya dhoruba unafungua mlango unakuta dunia nyeupe mpaka pale inapogusana na mbingu, hakuna kilima, hakuna mti wa kukukatiza jicho, kimya mpaka unasikia damu yako masikioni, unasimama na nguo ya kulalia mdomo wazi, Mungu wangu, halafu unaangalia chini na kuna mtu ameshakuondolea theluji njia nzima hadi barabarani na kwenda zake bila kugonga, na ukiuliza kila mmoja anasema si mimi... "na mkate wa Duane pale dukani, umeuonja? Ule ni tofali, Ardis, ule wa kujengea," haya, mkate ni kweli, mkate hautetewi, na duka ni hilo moja, na kahawa chungu, na keki ya kanisani ambayo kipande cha mwisho hakiliwi na mtu, kila anayepita anakikata nusu, na nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe ambayo hata sisimizi angeona haya, ndivyo tulivyo, hakuna wa kutaka kuonekana ametaka kitu... na magari hayafungwi, funguo zinalala humo humo, isipokuwa Agosti tu, Agosti unafunga, usipofunga unarudi unakuta mtu amekujazia kiti cha nyuma mamung'unye ya bustani yake na kutoroka.

"Na midomo ya watu!" anasema LaVonne, "ukipiga chafya jikoni kwako, kanisani wanakupa pole," na hapo Ardis anamkumbuka Kristi, alibusiwa mara moja tu nyuma ya maghala ya nafaka akiwa binti wa shule, na baba yake akajua kabla rangi ya mdomo haijakauka, ndiyo maana mtoto alikimbia na hakugeuza shingo, aliona macho kila dirisha, na macho yapo, ni kweli yapo... lakini mwezi wa nne kifua kilipombana Ardis akajikokota kwa daktari mji wa pili, hakumwambia kiumbe, aliporudi akakuta sufuria ya supu kwenye ngazi, inatoa moshi bado, na hakuna aliyemuuliza kitu hata leo, macho yaleyale hayo, unafanyaje na macho ya namna hiyo, unayachukia saa ngapi na kuyashukuru saa ngapi... "na hospitali hatuna tena, Ardis," sauti ya LaVonne imeshuka, anaangalia zulia, "walifunga, wakaenda. Moyo ukikushika hapa, ndiyo basi."

Ndiyo basi, ndivyo ilivyokuwa kwa Orrin, ambulansi inakimbia, Ardis ameshika mkono wa mumewe, na nje mahindi, mahindi kulia, mahindi kushoto, yamekauka yanangoja kuvunwa, yalikuwa hayaishi, alikuwa anayaomba yaishe, yaishe tuone mji, tuone taa, na mkono ukapoa mahindi yakiwa bado yanapita, na ndiyo sababu Kristi anataka awe karibu na daktari, mtoto ana haki, hataki kumzika mama naye kwa ajili ya barabara ndefu... lakini baada ya mazishi, asubuhi, aliamshwa na mngurumo, akadhani radi, akafungua pazia, na barabara yote ilikuwa mashine za kuvunia, nyekundu na kijani, zimefuatana mpaka jicho linapoishia, wanaume waliokuwa wameacha mahindi yao wenyewe yamesimama na mvua imeshatangazwa, na mbele kabisa Arvid, Arvid huyo, ambaye hakuwa ameongea na Orrin tangu ugomvi wa ua wa ng'ombe, walikuwa wakikutana barabarani kila mmoja anaondoa kidole kimoja tu kwenye usukani kumsalimu mwenzake, maana kununiana ni kununiana lakini salamu ni salamu, na wakavuna mahindi ya Orrin, hawakugonga mlango, hawakuingia ndani, kufika jioni shamba limenyolewa na maghala yamejaa, akatoka na aproni kuwashukuru akashindwa, analia tu, na wao wanaangalia buti zao, na Arvid akasema, "Tulikuwa tunapita tu, Ardis."

Tunapita tu... watu hawa, ee Mungu, ni watu gani hawa... na LaVonne bado anaendelea, upepo, mbu, mchungaji mpya anavyohubiri kwa puani, na hapo ndipo Ardis anashtuka, ngoja, ngoja kwanza, huyu ni LaVonne, LaVonne halalamiki, kimbunga kilimng'olea paa, akasimama katikati ya vyombo vyake vilivyovunjika, nywele zimejaa sufi ya dari, akasema "si mbaya sana", ndivyo wasemavyo hapa hata kwenye jeneza, si mbaya sana, mwanamke huyu hajawahi kuusema mji huu vibaya tangu wakiwa wasichana, na leo ameusema tangu jikoni mpaka hapa, theluji, mkate, midomo, hospitali, mbu, bila kupumua, anaupaka matope mji anaoupenda kuliko roho yake, kwa nini, kwa ajili ya nani... anajua nahama. Anajua! Na Duane dukani, Ardis alipomwomba maboksi, eti ya kutilia nguo kuukuu, alichagua yale magumu ya ndizi, akasema "haya yanabeba sahani vizuri," na sahani nani alizitaja, na kanisani hakuna aliyemuuliza ataleta nini Krismasi, wanajua wote, mji usioweza kufungia chafya ndani umelifungia hili, wiki ngapi sijui, mji mzima umeuma ulimi ili yeye aseme mwenyewe atakapokuwa tayari, na alikuwa amekuja hapa akiogopa kushikwa miguu asiende, kumbe anafunguliwa aende, na anayemfungua ndiye atakayebaki peke yake na dirisha la jirani lisilo na taa. Kinachomjaa si huzuni, ni kitu kikubwa kuliko huzuni, kama ile asubuhi ya theluji.

"Chukua bakuli lako, LaVonne," anasema, na LaVonne mikono iko kwenye mifuko ya aproni, haitoki, anachungulia ndani ya bakuli ambalo mila inasema halirudi bila kitu, na limerudi halina kitu kwa sababu jiko la Ardis liko ndani ya maboksi ya ndizi. "Tupu silipokei. Nenda nalo, bi mkubwa, utalirudisha lina kitu. Huko nako kuna viazi, au sivyo?" Huko, amesema huko, na jicho lake limelowa lakini halidondoshi, hawadondoshi watu hawa, na Ardis anajua atamjibu Kristi ndiyo, na anajua atarudi kabla ya Agosti na bakuli la chakula cha moto mapajani, mahindi yakipita kulia na kushoto, na king'ora kinaanza kulia juu ya mji, na wote wawili wanatazama saa ya ukutani kana kwamba king'ora kimewahi kukosea, mkono wake uko palepale kwenye kitasa, mlango haujafunguliwa, neno halijasemwa, na LaVonne, mwenyeji, nyumbani kwake mwenyewe, anatoa mkono mfukoni, anapiga paja.

"Haya," anasema.