Pete Zilizolegea

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa pete. Si ya kidoleni. Ni ile pete ya karatasi yenye nembo ya dhahabu inayovishwa biri kiunoni. Binti alikuwa anafuta vumbi kwenye kabati la babu yake, akafungua sanduku ili alowanishe sponji inayozuia biri zisikauke, na alipoinua biri moja, pete ikateleza mpaka chini kama sketi ya mtu aliyekonda.

Babu alikuwa kinyozi mstaafu, na sanduku lile la biri za Kuba, zilizoviringwa kwa jani jeusi linalong'aa kama kichwa kilichotoka kunyolewa, aliliona kama mboni ya jicho lake. Aliletewa na baharia mmoja, mteja wake, akaambiwa asiwe na papara.

"Zikiwa mpya zinanuka kama banda la kuku," alikuwa akimweleza mjukuu wake, "na zinawasha koo kama pilipili. Lakini jani hili jeusi lina mafuta. Ukiziacha, mwaka hadi mwaka ukali unapungua, unakuja utamu. Zabibu kavu. Kakao. Ngozi ya kiatu kipya. Hata mwili unasinyaa kidogo, kama mimi, mke wangu."

Babu alimwita mke wangu, Bibi alimwita mke mwenzangu, na binti mwenyewe, kwa haya aliyokuwa nayo, wote aliwajibu kwa kutazama vidole vya miguu yake. Kwa kuwa hakuwa msemaji, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake, kiapo cha Babu kilimhusu yeye kuliko mtu yeyote: atakayechukua biri hata moja kabla ya siku ya kuonja, afungashe virago. Mpwa wa Babu alishafungashiwa vyake, na yeye aliinusa tu, ila kwa karibu mno.

Basi akajaribu biri ya pili. Pete ikateleza. Iliyofuata ikagoma, imebana. Akainusa: banda la kuku. Akapekua mpaka chini, na kule chini karibu zote zilikuwa zimebana. Kuna mtu alikuwa akivuta za zamani na kuweka mpya, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake yeye.

Ufunguo huo aliuvua wakati wa kuoga tu, akautundika kwenye msumari wa jikoni. Siku iliyofuata alitoka bafuni kabla ya wakati, povu bado masikioni. Msumari ulikuwa mtupu. Uani, nyuma ya shuka zilizoanikwa, moshi ulikuwa unapanda taratibu. Akafunua shuka. Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho ameyafumba, biri mdomoni.

"Nyamaza, mke mwenzangu," Bibi alisema bila kuona aibu. "Ingawa wewe hunyamaza hata bila kuombwa."

"Bibi... Babu na mgeni wake wanaonja Jumapili."

"Najua. Miaka yote ananiimbia kakao, ananiimbia zabibu. Nikiomba japo pafu moja, ati pua ya mwanamke haijui umri! Mimi nimempa umri wangu wote, yeye ananinyima wa biri?"

"Na hizo mpya?"

"Unadhani kwa fundi miwani huwa nafuata nini?"

Ni kweli. Kila mwezi miwani ya Bibi ilikwenda kunyooshwa, na kila mwezi ilirudi imepinda vilevile.

Jumapili asubuhi, binti alipanga zilizolegea safu ya juu, akamwomba Mungu. Akaja Fundi Saa, rafiki wa Babu tangu ujana na mshindani wake katika kila jambo. Babu akafungua sanduku, akamchagulia mgeni biri ya juu. Kisha akazamisha mkono mpaka chini kabisa.

"Za juu ni za wageni," alisema.

Binti alisimama na kisahani cha majivu. Maneno yalimfika kooni, yakakaa kitako. Babu akawasha, akavuta. Macho yakamtoka. Machozi yakafuata. Akakohoa mpaka meno ya bandia yakahama. Mlangoni, Bibi alikuwa ameuma upindo wa nguo yake, mabega yanamtikisika.

"Umri!" Babu alisema alipopata sauti. "Umeona umri ulivyonikaba?"

"Yangu tamu tu," Fundi Saa alisema kwa unyonge. "Laini. Kakao kidogo, zabibu kidogo."

"Pole, ndugu yangu. Hiyo bado mtoto."

"Acha uchoyo, lete hiyo yako." Akavuta pafu moja, kofia ikamwanguka. "Lo! Hii... hii ni mzee kweli!"

"Shahidi yupo. Tumuulize anayezilea." Babu akageuka. "Mke wangu, sema kweli. Ipi imezeeka?"

Mabega ya Bibi yakatulia. Binti akatazama kidole cha Fundi Saa: pete ya biri yake ilikuwa imeteleza, naye ameivaa kama bwana harusi. Akatazama biri ya Babu, pete imeng'ang'ania.

"Ya... yako, Babu."

"Mmesikia? Amerithi pua yangu! Ufunguo ni wake mpaka nife."

Jikoni, Bibi alimtia mkononi biri moja iliyolegea, imefungwa kwa leso.

"Mgawo wako. Na kesho twende wote kwa fundi miwani."

"Mimi sina miwani, Bibi."

"Utanunuliwa."

Mpaka leo Babu husimulia jinsi umri ulivyomkaba, na mjukuu wake humsikiliza akitazama vidole vya miguu. Kuna maneno yaliyobaki yamekaa kitako kooni mwake tangu Jumapili ile. Ni haya: Babu, miaka yote uliyoitunza kabatini, mkeo ameivuta nyuma ya shuka.