Kofia ya Kurahashi

Kila mwaka mrushaji wetu mmoja wa besiboli akitangaza kwamba anakwenda kucheza Marekani, wateja wangu wote hugeuka wataalamu. Wanatafuna mishikaki ya kuku huku wakibishana: huyu ataweza, yule ataliwa mzima, huyu mkono mwepesi lakini kiuno kizito. Mwisho hunigeukia mimi, kwa kuwa nilidaka mipira ya kulipwa kwa miaka kumi na minane na vidole vyangu vimepinda kama tangawizi. Huwa nawaambia wamuulize Nezu, yule mnene wa kwenye kona. Nezu naye hasikii swali, maana sikio lake la kushoto liliharibika siku hiyo ninayotaka kuisimulia.

Wakati huo nilikuwa mdakaji wa timu ya Okayama, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji wetu mkubwa alikuwa Kurahashi, kijana wa miaka ishirini na mitano, na mpira wake ulipotua kwenye glavu yangu kiganja kiliwaka moto hadi kesho yake. Alikuwa na ndoto moja tu, Marekani, na msimu ule ndoto yenyewe ilikuja kukaa nyuma ya wavu ikiwa imevaa suti. Iliitwa Bwana Denham, msaka vipaji wa timu moja ya kule, mtu wa makamo mwenye shingo nyekundu. Alimwambia Kurahashi kupitia mkalimani kwamba mkono wameshauona na umewatosha. Kilichobaki ni roho.

"Ninyi mkimgonga mtu kwa mpira mnavua kofia," alisema. "Kwetu mpigaji akikuona umevua, kesho atakuja kulala juu ya kibao cha kupigia na kukupiga anavyotaka. Nataka nione kama unaweza kumtupia mtu mbavuni halafu ukamtazama machoni."

Ni kweli tunavua. Mrushaji akimgonga mpigaji, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, anavua kofia, anainamisha kichwa kidogo, na mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Tunafundishwa tukiwa watoto, kwa makofi, mpaka mkono unakwenda wenyewe. Mimi niliona yule mzungu anaropoka, na nikamwambia hivyo Kurahashi tukiwa tunaoga. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Denham angerudi Jumapili kutazama mechi yetu na timu ya Sakai, na mpigaji wa Sakai aliyetisha kuliko wote alikuwa Nezu.

Hao wawili walijuana tangu bweni la shule. Nezu alikuwa mkubwa, Kurahashi mgeni wa mwaka wa kwanza. Nezu aliwapanga wadogo wake kwenye sakafu ya zege, wamekalia visigino, kisha akawachapa makalio mmoja mmoja kwa gongo la kuchezea. Soksi zako hazikutakata, gongo. Umeitikia kwa sauti ndogo, gongo. Kurahashi alilala kifudifudi karibu mwaka mzima. Alinisimulia hayo akicheka, kama sisi sote tunavyocheka tukisimulia vipigo vyetu. Na bado kila walipokutana uwanjani alikuwa wa kwanza kuvua kofia na kumsalimia kaka yake wa bweni.

Nilipojua kwamba Nezu ndiye aliyemchagua kumgonga, nilimuuliza kama anaitafuta Marekani au analipiza makalio.

"Yote mawili, kaka Mitsuoka," alinijibu. Safari hiyo hakucheka.

Jumapili ilikuwa jua la kupasua fuvu. Tarumbeta za mashabiki zilianza hata kabla hatujajipasha moto. Denham alikaa palepale nyuma ya wavu, mgongoni kwangu, na nilimsikia akitafuna karanga. Nezu alipokuja mara ya kwanza, Kurahashi alimpa mpira mmoja wa nje ili kumvuta mbele, na wa pili akampelekea mbavuni. Ulitoa mlio wa gunia la mchele lililotupwa kutoka kwenye lori. Nezu alipiga goti moja, mate yakamtoka.

Na mkono wa Kurahashi ukaruka wenyewe. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshavua kofia na kuinama.

Nezu alitema, akajishika ubavu, akachechemea kwenda kituo cha kwanza kama sheria inavyomruhusu. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi niligeuka. Denham alikuwa anatabasamu peke yake na kutikisa kichwa, kama mtu aliyeshinda dau. Kurahashi naye alimwona.

Nilimfuata kwenye kichuguu chake cha kurushia. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama mwizi aliyemfuma nyumbani.

"Umekwenda wenyewe," alisema.

Nikamwambia ashukuru, mkono wake una adabu kuliko yeye, sasa turudi tushinde mechi. Akasema Nezu atakuja tena. Nikamwambia ubavu mmoja unatosha kwa siku. Kisha nikarudi kuchuchumaa mahali pangu.

Awamu ya sita Nezu akaja. Alisimama kando yangu akichimba udongo kwa njumu, akipumua kwa shida.

"Mitsuoka, leo mtoto wako ana nini?"

"Anataka kwenda Marekani."

"Si aende. Mbavu zangu zinamkatia tiketi?"

Nilicheka chini ya kinga yangu ya chuma. Kisha nikaweka glavu nje kabisa, mbali na mwili wa Nezu, nikamwonyesha Kurahashi ishara ya nje. Akakubali kwa kichwa. Alipouachia mpira, nilijua ulipotoka mkononi kwamba kichwa kile kimenidanganya. Ulikuja juu, ulikuja ndani, na Nezu alikuwa ameshaegemea mbele akiutafuta ule wa nje.

Ulimpata juu ya sikio. Helmeti ilipasuka vipande viwili na kimoja kikanigonga kifuani. Nezu alianguka kifudifudi juu ya kibao, miguu yake ikatimua vumbi kama ya kuku aliyechinjwa, halafu ikatulia. Damu ilitoka sikioni ikatambaa juu ya kibao cheupe. Tarumbeta zilinyamaza moja moja mpaka likabaki jua tu.

Nilipiga magoti kando yake. Refa alikuwa anamwita daktari. Nilipoinua uso nilimwona Kurahashi juu ya kichuguu, kofia iko kichwani.

Uwanja mzima ulikuwa unaingoja ile kofia. Wachezaji wetu walikuwa wamesimama kwenye benchi, na baadhi yao walikuwa wamevua za kwao bila kujijua. Mkono wake wa kulia ulikuwa pajani, unataka kupanda. Akaweka glavu ya mkono wa kushoto juu yake, akaubana palepale.

Nezu alifumbua jicho moja.

"Amevua?"

Ningeweza kumdanganya. Sikuweza.

"Hajavua."

Alimeza damu. "Basi kule ataweza," akasema, na jicho likafumba.

Sikujua kama anamsifu au anamlaani. Hata yeye mwenyewe leo hakumbuki kama alisema. Nilimwachia daktari, nikasimama, nikavua kinga ya uso nikaishika mkononi, na nikaenda kwenye kichuguu. Sikukimbia. Nilikuwa na hasira ya kutosha, haikuhitaji mbio.

"Vua kofia," nilimwambia.

"Kaka, Bwana Denham anaangalia."

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Jino lilinichana kwenye kifundo cha kidole, na alama ninayo mpaka leo. Akayumba, kofia bado iko kichwani, basi nikamzungushia ile kinga ya chuma shavuni. Hapo ndipo kofia ilipotoka. Alianguka chali, nikamwangukia, nikampiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto, pua ikalia kama ubua.

Wachezaji wa Sakai walikuwa wameshamiminika kutoka kwenye benchi lao kuja kumuua. Walipofika walikuta kazi inaendelea. Walisimama wametuzunguka, wakihema, kama wageni waliokuta chakula kimeshapakuliwa na wengine. Jitu lao moja likauliza, kwa dhati kabisa, sasa tumsaidie nani. Kisha wetu wakafika, mmoja akanikaba shingo kunitoa, lile jitu likampiga kiwiko kwa kuwa ananigusa mimi, na hapo vita ikawa ya wote. Njumu zilirarua ngozi. Mtu aling'atwa bega. Kocha wetu, mzee wa miaka sitini na ushee, alipita katikati akizaba makofi kila uso uliokuwa mbele yake bila kujali jezi.

Kurahashi chini yangu hakurusha hata konde moja. Alijigeuza kifudifudi, akauficha mkono wa kulia chini ya tumbo, na uso akatuachia. Wapo waliomkanyaga mgongo, wapo waliomkanyaga mashavu ya miguu mpaka damu ikalowesha soksi. Ule mkono haukuguswa na mtu. Nilipoliona hilo nguvu za kumpiga ziliniisha, nikaja kuvutwa miguu kama mzoga.

Mimi nilifungiwa, na sikuvaa tena jezi. Wakubwa wa timu walinitaka nimwombe Kurahashi radhi mbele ya waandishi, nikawajibu avue yeye kwanza. Hilo silijutii, na anayetaka kunifundisha adabu kwenye duka langu mlango anaujua.

Denham alimchukua. Nilikuwa kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, nimefunga kitambaa mkononi, nilipoona anamshika bega Kurahashi. Mkalimani alisema, "Bwana anasema sasa uko tayari." Kurahashi alikuwa na pamba mdomoni na jicho moja limeziba. Aliitikia kwa kichwa. Halafu akanitazama juu ya bega la mzungu, kichwa wazi, nywele zimegandamana kwa damu, kama anayengoja niseme kitu. Nilimpita.

Nezu alitoka hospitali majani yakiwa yameshapukutika. Sikio moja lilikuwa limekufa, na mpira ukimjia aliona miwili. Siku ya kwanza aliyokanyaga dukani kwangu alikaa kwenye kona ile ile, akasema, "Nasikia ulimpiga kwa ajili yangu. Mimi sikukutuma." Kisha akaagiza maini. Tangu hapo ni mteja wangu.

Mechi za Marekani huku kwetu huonyeshwa asubuhi. Siku Kurahashi aliposimama kwenye kichuguu cha kule kwa mara ya kwanza, nilifungua duka mapema, likajaa hadi mlangoni. Nezu alisukuma watu akaja mbele, sikio zima limeelekea televisheni. Mpira wa kwanza wa Kurahashi ulikuwa mkali kama zamani, na watu walipiga makofi. Mimi nimemdaka miaka minne, nilikuwa natazama kitu kingine.

Wapigaji wa kule walisimama karibu sana, viwiko vinaning'inia juu ya kibao. Mdakaji wa Kurahashi akahama akaweka glavu ndani, usawa wa mbavu. Kurahashi akakubali kwa kichwa. Mpira ukaenda nje. Akamwekea ndani tena, akakubali tena, ukaenda nje tena. Mkono wake ulifika mahali pa kuachia, ukaona mwili wa mtu, ukakwepa. Wale si wajinga. Awamu ya pili walikuwa wameshajua, wakasogea zaidi, na wa kwanza aliyeungoja wa nje aliupiga ukavuka uzio hadi kwa mashabiki. Wa pili naye akaupeleka.

Nezu alikuwa amesimama. Alipiga meza sahani zikaruka.

"Ndani!" alipiga kelele, kwa ile sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Mtupie ndani, mpumbavu wewe! Mbavuni! Mimi si ulinitupia?"

Watu walimgeukia, hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtu yule, ambaye aliwahi kumlaza Kurahashi kifudifudi mwaka mzima, na ambaye Kurahashi alimuua sikio. Nilimshika mkono, akanisukuma.

Mpigaji wa tatu alikuwa karibu kukikalia kibao. Mdakaji akaweka glavu ndani, akaipigapiga, kama anayembembeleza mtoto. Kurahashi akavuta pumzi, akarusha, mpira ukaenda nje. Gongo likaupata katikati. Kamera haikuufuata mpira, ilimwendea yeye. Mpigaji alikuwa anazunguka vituo taratibu huku uwanja ukiunguruma, naye Kurahashi alisimama anatazama udongo. Mkono wa kulia ukapanda taratibu. Akavua kofia, akajifuta uso kwa mkono wa jezi, na hakuirudisha kichwani.

Nezu akakaa.

"Sasa ndiyo anavua," akasema, na akaniomba nizime televisheni.