Vidonge vya Koo vya Wakili

Ukoo ule ulikuwa na wakili wake, na wakili mwenyewe, mama mmoja, hakuwahi kukanyaga darasa la sheria hata kwa kupotea njia. Alikuwa katibu muhtasi. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye meza iliyo mbele ya mlango wa mkubwa, na kazi yake hasa, ukiacha kupiga chapa barua, ilikuwa kuwaambia watu kwamba mkubwa yupo kwenye kikao. Mkubwa kalala kitini mdomo wazi, yupo kwenye kikao. Mkubwa kaenda kwa mwanamke asiye mkewe, yupo kwenye kikao. Aliusema uongo ule kwa sauti laini yenye heshima, mpaka waliodanganywa wakawa wanamshukuru. Alipostaafu, kipaji hakikustaafu naye. Akakihamishia hospitalini.

Ndiyo maana wakamwita Wakili. Mtu wa ukoo ule akiumwa, awe mtoto wa kunyonya au mzee wa kusukumwa kwenye kiti, haingii kwa daktari bila Wakili kutangulia. Walikuwa na sheria yao: mgonjwa hasemi, anasemewa. Kazi ya mgonjwa ni kuumwa, basi. Habari za ugonjwa wake ni mali ya familia. Daktari akiuliza choo kinatokaje, anajibu Wakili. Akiuliza usiku unalalaje, anajibu Wakili, utadhani hulala naye kitanda kimoja. Na akifika kwenye lile swali la madaktari, kama mgonjwa anatumia pombe, sigara au kitu kingine chochote, Wakili hushusha miwani mpaka ncha ya pua, akatabasamu kwa kumhurumia daktari, akasema nyumba yao haina mambo hayo. Shemeji yake mmoja, mlevi wa kutupwa, aliingia hospitali ini limevimba na harufu ya pombe imemtangulia mlangoni. Wakili alimweleza daktari kwamba yule bwana hunywa maziwa.

Halafu ikaja zamu ya Kioo. Huyu ni mtoto wa mdogo wake wa kiume, fundi wa kukata vioo vya madirisha, mtu mzima na akili zake, ila alikuwa akijidunga unga. Mtaa mzima ulijua. Familia ilijitia hamnazo. Siku moja mkono ukamvimba, homa ikapanda, wakampeleka. Daktari akamuuliza yeye mwenyewe, akimtazama usoni, kama ana kitu anachojidunga. Kioo akafungua mdomo, Wakili akawahi.

"Huyu hata panadol humeza kwa kubembelezwa," akasema. "Kakatwa na kioo kazini."

Basi daktari, kwa kuwa alipewa habari ya kioo, akatibu kioo. Wakarudi mara ya pili, habari ikawa ile ile. Kumbe wadudu wa sindano walishaingia kwenye damu, wamekaa kwenye moyo wanautafuna. Mara ya tatu Kioo aliletwa amebebwa kwenye shuka, na kama si simu ya Wakili kuita na mwenyewe kutoka nje kuipokea, angekuwa marehemu mwenye sifa nzuri. Dakika ile ile Kioo alimshika muuguzi mkono akamwambia kila kitu. Aliponea kwa simu ile. Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kwenye kliniki ya nyuma ya hospitali, akanywa dawa yake ya kuachia unga mbele ya muuguzi, kisha akaenda kazini. Nyumbani waliambizana kwamba Kioo anakwenda mazoezi ya mkono. Jina hilo alilitunga nani? Wakili, nani mwingine.

Na huyo huyo Wakili alikuwa na kopo lake. Kopo dogo la bati la pipi za koo, halitoki mkobani. Alipofiwa na mumewe usingizi ulimkimbia, muuza dawa mmoja akampa vidonge vya usingizi, bila cheti, kwa roho nzuri tu na faida kidogo. Akaanza na kimoja usiku. Kisha kimoja asubuhi, cha kutuliza mikono. Kisha kimoja kabla ya wageni, na kimoja baada ya wageni, maana wageni nao wana maudhi yao. Akiulizwa, ni vya koo. Na nani angebisha? Koo linalosemea ukoo mzima lazima liwashe. Wifi yake, mama yake Kioo, aliwahi kuomba kimoja akiwa na kikohozi. Akaambiwa koo lake halijafikia daraja hilo.

Sasa mambo yakageuka: Wakili mwenyewe akaangushwa na mawe ya kwenye nyongo. Maumivu yalimshika ubavuni akapiga magoti jikoni, akaletwa hospitali rangi imemtoka, wakasema kifuko cha nyongo kimeoza, leo leo atapasuliwa. Akalazwa chumba cha kusubiri upasuaji, kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, ambalo halijui cheo cha mtu. Kopo lilikuwa chini ya mto. Tangu alfajiri hakupata nafasi ya kulifungua, maana familia ilikuwa imemzingira. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akaificha chini ya shuka.

Upande mmoja alisimama mdogo wake, baba yake Kioo, mkaguzi mstaafu wa magari, mtu wa kugonga vitu kwa kidole kuona kama vimelegea, na jina lake mtaani ni Mkaguzi. Upande wa pili wifi, na bakuli la pamba na maji. Kioo alisimama karibu na mlango. Katika familia ile, nafasi yake ilikuwa karibu na mlango.

Akaingia daktari wa usingizi, yule anayewalaza watu kabla ya kisu. Alikuwa binti mwenye viatu vya mpira na macho ya mtu asiyelala. Akaanza maswali: meno ya bandia, pumu, presha. Mkaguzi akajibu yote kifua mbele, kwa sauti ile ile ya dadaye, mpaka namna ya kusafisha koo kabla ya jibu. Kisha daktari akalifikia lile swali.

"Mama, hili nataka unijibu vizuri," akasema. "Kuna kitu chochote unatumia? Pombe, bangi, vidonge vya maumivu, vya usingizi? Mimi si polisi na wala si mchungaji. Nikijua, nitapima dawa zangu vizuri. Nisipojua, naweza kukulaza usipumue tena, au uamke uanze degedege."

Wakili alimsikia vizuri sana. Akaogopa kama hajawahi kuogopa. Akafungua mdomo.

"Dada yangu huyu?" Mkaguzi akawahi, na kucheka kidogo kwa kumhurumia daktari. "Huyu hata panadol humeza kwa kubembelezwa."

Maneno yalikuwa ya Wakili, neno kwa neno. Aliyafahamu kama mtu anavyofahamu nguo yake kwenye kamba ya jirani. Akajaribu tena, akasema daktari, kuna jambo. Wifi akamziba midomo kwa pamba yenye maji, akamwambia asijichoshe, wao wapo. Hilo nalo lilikuwa lake. Alimwambia hivyo hivyo Kioo mara zote tatu. Akautoa mkono wake chini ya shuka, ukatetemeka hadharani, na Mkaguzi akamweleza daktari kwamba ni baridi. Wifi akaongeza shuka. Watu wamefundishwa wakafundishika! Alivyowalea ndivyo walivyokuwa, na sasa watamsemea mpaka kaburini, na kaburini wataeleza kwamba alikuwa mtu safi.

Mwenye kuona alikuwa mmoja tu, yule wa mlangoni. Kioo aliutazama ule mkono. Mitetemo ya namna ile aliijua, aliwahi kuivaa mwilini mwake. Akalitazama pia kopo, ambalo pembe yake ilikuwa imechungulia chini ya mto. Angesema "Shangazi anatumia vidonge" wangemtoa kwa kola ya shati na daktari angeomba radhi. Lakini alijua ni neno gani linaweza kuwaondoa ndugu zake mahali, kwa sababu amewaona wakilikimbia maisha yake yote.

"Daktari," akasema, "samahani, mimi natumia dawa ya kuachia unga. Nilikuwa najidunga kwenye mkono huu hapa. Nataka nikueleze yote tangu mwanzo."

Weee! Mkaguzi akakumbuka gari lake kaliegesha vibaya. Wifi akaona bakuli linahitaji maji mengine, na maji yenyewe yako mbali. Mlango haukutosha kuwapitisha wawili, wakabanana bega kwa bega, na mara chumba kikawa cheupe, kimebaki na mgonjwa, daktari na fundi wa vioo.

Kioo akaufunga mlango. "Sema mwenyewe, Shangazi," akasema. "Au na mimi nitoke?"

"Kaa," akasema Wakili.

Lakini ulimi uliozoea kuficha haunyooki kwa saa moja. Alianza kwa kusema huwa anatumia kimoja, siku moja moja, hasa mvua ikinyesha. Daktari hakuandika kitu, akangoja. Kioo akamwambia taratibu kwamba hata yeye alianza kwa hesabu za mvua. Hapo Wakili akalia, akalitoa kopo, akasema yote: cha asubuhi, cha wageni, cha baada ya wageni, vya usiku, na kwamba akikosa anaona ukuta unatembea. Alisubiri daktari ashtuke. Daktari aliuliza jina la kidonge, akakigeuza kwenye mwanga, akasema asante sana mama, umenisaidia, akalirudisha kopo mkobani, akaondoka kwenda kubadilisha dawa zake. Kwa kweli Wakili aliudhika kidogo. Siri ya miaka yote hiyo, na mtu hata nyusi hapandishi!

Wakampasua. Akalala, akapumua, akaamka.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Mkaguzi na wifi walikuja wodini na matunda na manung'uniko. Kioo hakuwapo. Mkaguzi akamwambia dadaye asihofu, mambo ameyaweka sawa: yule mtu kawaaibisha, kafungua habari za unga mbele ya daktari siku ya upasuaji wa shangazi yake, na yeye kama baba kamzuia nje ya geti, na nyumbani asikanyage tena mpaka ajifunze adabu. Wifi alikuwa anatazama dirishani. Ni mwanawe, lakini sheria ni sheria.

Tusimpambe Wakili: alishawishika. Jambo lilikuwa limejipanga lenyewe kama barua iliyokwisha pigwa chapa, inangoja sahihi tu. Angefumba macho, akaitikia kwa kichwa, sifa yake ingebaki pale pale, na mzigo ungebebwa na yule aliyezoea kuubeba. Akamkumbuka alivyosimama mlangoni akaonyesha mkono wake ule wenye makovu. Akaona haya mpaka mshono ukamuuma.

"Aliyekuwa na habari ya kumpa daktari ni mimi," akasema. "Natumia vidonge vya usingizi. Siku nyingi. Mwanao alisema vile ili ninyi mtoke."

Mkaguzi akampigapiga begani, akamgeukia mama wa kitanda cha jirani aliyekuwa ametega sikio, akamweleza kwamba ni dawa ya upasuaji hiyo, bado inamsemesha. Wifi akaafiki, akasema hata mama yake mzazi alipopasuliwa aliongea na kuku wodini. Wakili akarudia. Wakamfunika vizuri. Mara ya tatu akaacha kubishana, akamwomba wifi ampe mkoba, akatoa kopo akaliweka kwenye kiganja cha mdogo wake.

Mkaguzi akaligonga kwa kidole, kwa mazoea. Akalifungua. Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, vimekatwa mstari katikati, na havikunuka mnanaa. "Si hivi vyako vya koo?" akauliza, na sauti ilikuwa imeanza kupungua.

"Basi meza viwili," dadaye akamwambia, "uone kama utafika kwenye gari lako."

Hakumeza. Akalitazama kopo, akamtazama mkewe, akampa mgongo mama wa kitanda cha jirani. Wakili akamwambia alifunge, aende getini kwa miguu yake mwenyewe amlete mwanawe, amwombe radhi njiani, asingoje mpaka wafike. Mkaguzi akaenda. Kopo alisahau kuliacha, akaenda nalo mkononi, amelishika mbali na mwili wake.

Muuguzi akapita na toroli la dawa. Akasimama mwisho wa kitanda, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Wifi, mtu wa mazoea, akafungua mdomo. Akamtazama Wakili, akaufunga, akaanza kumenya chungwa.

Muuguzi akangoja. Wakili alihisi lile jibu la zamani likimjia lenyewe ulimini, laini, lenye heshima: hajambo kabisa, anashukuru. Akalimeza.

"Sijambo sana," akasema. "Mikono inatetemeka, jana sikulala, na naogopa."

Muuguzi akavuta kiti akakaa, akamwuliza imeanza kutetemeka tangu lini.