Mngurumo wa Mashine ya Makwale

Mwenyekiti Angetile akiketi kunywa chai kwenye mgahawa wa Salma, Kyela mjini, kila mtu hushika kikombe chake. Kifua chake kinanguruma na meza hutikisika. Hakuna anayeuliza. Kila mwenye hisa katika kampuni ya kukoboa mpunga ya Makwale huwa na mashine kifuani, kwa kadiri ya hisa zake, na Angetile, mwenyekiti wa kampuni, anazo nyingi kupita wote.

Lucy alikuwa na chache, za marehemu mumewe, Ambilikile. Siku ya mazishi, udongo ulipomfunika mzee, mngurumo ulihama ukaingia kwake. Alilala nao vizuri tu, maana mzee naye alikuwa akikoroma.

Basi mashine yenyewe kule Makwale ikafungwa. Angetile akatangaza kwamba imekufa, kampuni haina kitu, ila yeye kwa huruma zake atanunua hisa za atakaye. Watu wakauza, wakarudi kwao vifua kimya. Lucy akang'ang'ania. Lakini mvua zilikaribia, na ukoo ukaanza kumsema: kaburi la Ambilikile litajengewa lini, mpaka udongo uende na maji? Maneno yakamkaa rohoni. Mume wake hakuwa mtu wa kuachwa kwenye matope.

Akamfuata Angetile mgahawani, akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, Mwenyekiti."

"Ndaga, mama."

"Unasema mashine imekufa. Mbona kwangu inanguruma? Na kwako inamwaga chai."

Angetile akapangusa meza kwa kiganja. "Hayo ni mazoea tu, mama. Nakupa mifuko minne ya saruji. Ukipata wa kukupa mitano, muuzie."

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa mwenye kisu alikuwa mmoja. Lucy akatia sahihi. Kifua chake kikanyamaza, na ukimya ule ulimuuma kuliko msiba. Salma akavisogeza vikombe mbali na ukingo wa meza.

Kaburi likajengwa, likapakwa chokaa, likapendeza. Wiki iliyofuata mashine ikafunguliwa. Haikuwa na hitilafu yoyote, na Mwenyekiti alilijua hilo tangu mwanzo. Sasa hisa moja ni bei ya ng'ombe.

Siku hizi Lucy haendi makaburini. Jioni huja kwa Salma, akaketi meza moja na Angetile. Mingurumo ya watu wengi imechanganyika mle kifuani mwa Mwenyekiti, lakini wa mzee wake Lucy anaujua: hukwama kidogo, kisha huendelea, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Chai inapoa, mama," husema Angetile.

"Ndaga fijo," Lucy humshukuru, na kukishika kikombe chake kwa mikono miwili.