Nafasi ya Bénit Mbele ya Boti

Josée na mumewe Bénit walikaa mbele kabisa kwenye boti ya mpira ya timu yao, Josée kushoto, Bénit kulia. Hapo mbele ndipo maji makali ya mto Lufira yanapopiga kwanza, na wawili hao wasipozamisha makasia kwa pamoja boti huzunguka na kuwamwaga wote. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba Josée hakuhitaji kumwangalia mumewe. Alisikia pumzi yake, akajua kasia linashuka. Nyuma yao walikaa wenzao wanne, na mkiani Clément, kapiteni, ambaye siku za kazi aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa kutoka Goma.

Mwaka huu walialikwa kwenye mashindano ya mto Zambezi, upande wa Zambia. Bénit aliyatamani kuliko wote. Ndiye aliyewafundisha wenzake kuogelea, ndiye aliyeziba boti kila ilipotoboka.

Mpakani Kasumbalesa walifika asubuhi, wakaipita foleni ya malori. Pasipoti za wengine ziligongwa muhuri. Ya Bénit ilirudishwa: iliwahi kulowa mtoni, na picha ilikuwa imefifia. Afisa alieleza kwa upole kwamba hawezi kumpitisha mtu ambaye sura yake haionekani. Clément alibembeleza, mkubwa wa afisa akaitwa, jibu likawa lilelile.

Clément akawaambia kwamba kule Zambezi wapo wapiga makasia, mmoja wa kujazia angepatikana. Wawili, hapana. Hakumtazama Josée aliposema hivyo, lakini kila mtu alielewa.

"Muende," Bénit alisema. "Miye nitarudi ku nyumba."

Josée alingoja aongeze neno. Alijua mumewe anataka abaki naye, na alijua hatalisema. Akamwambia ufunguo uko kwa jirani, kisha akapanda gari.

Aliyejazia aliitwa Mwelwa, mtu mzima, mfupi, mwenye mabega mapana. Walielewana kwa Kibemba, lugha ya mama yake Josée. Siku ya mashindano, poromoko la kwanza la maji walilipita kwa kuteleza tu. La pili liliwageuza ubavu, wakajinyoosha. Kwenye lile kubwa Clément alipaza sauti, "Mbele! Mbele!" na makasia yote yakazama kwa pamoja. Boti ikasimama wima. Josée aliona mbingu tupu, makalio yakaachana na mpira, na akajua anaanguka. Mkono wa Mwelwa ukamkamata jaketi begani, ukamrudisha chini kwa nguvu, na kabla hajavuta pumzi alikuwa anapiga kasia tena pamoja na wengine, maji puani, maji machoni. Walipotokea upande wa pili walipiga kelele kama watoto. Josée alicheka mpaka akalia. Kwa muda ule wote hakumkumbuka Bénit hata kidogo.

Walishika nafasi ya pili.

Nyumbani Kasungami alimkuta mumewe akimwagilia matuta ya mboga za lengalenga. Bénit aliipokea medali, akaitazama pande zote mbili, akamrudishia.

"Ni nani alikaa pa fasi yangu?"

"Mwelwa. Muntu ya kule."

"Alipiga muzuri?"

Josée angeweza kusema hapana. Lakini uso wake, uliobabuka kwa jua, bado ulikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Muzuri," alisema. "Muzuri sana."

Bénit aliokota ndoo, akarudi kwenye matuta.

Mazoezi yalipoanza tena alisema mgongo unamuuma. Jumamosi iliyofuata pia. Josée hakumsihi. Aliogopa kwamba akimsihi ataulizwa kwa nini alipanda lile gari, na jibu la kweli lilikuwa kwamba alitaka kwenda.

Clément akamleta Raoul, fundi wa magari, akae mbele kulia. Mwanzoni Raoul alichelewa kila pigo, ikabidi Josée amhesabie kwa sauti. Baadaye naye akazoea. Jioni Josée alirudi na nguo mbichi, akazianika kambani nje, huku Bénit akila peke yake ndani, redio ameifungulia sauti kubwa.