Nyaya Zilizokatwa Nakawa

Mwaka 1977, mwezi wa pili, konstebo Odur alifika kwenye kibanda cha Owino pale Nakivubo kwa miguu. Majirani waligeuka kumtazama, maana Odur alikuwa haonekani bila pikipiki ya polisi aliyopewa kazini.

"Imekufa, fundi," alisema. "Haitoi hata cheche. Natakiwa nayo kambini kwa wanajeshi kabla ya saa kumi. Beba vifaa, twende."

Owino alikuwa Mjaluo wa Kisumu, fundi wa umeme wa magari na pikipiki, na alikuwa ameishi Kampala miaka tisa. Mkewe Teresa alirudi Kenya mwaka uliotangulia, Wakenya walipoanza kupotea mmoja mmoja. Yeye angemfuata, ila askari wa kizuizi cha barabarani walimnyang'anya kitambulisho na hawakumrudishia, na bila kitambulisho hakuthubutu kusogelea mpaka. Alijifungia katika kazi yake, akipita njia zilezile mbili kila siku, kibandani na chumbani.

Nyumba za polisi Nakawa zilizungushiwa seng'enge, zikawa na lango moja tu. Uani kwa Odur, mwanajeshi mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, bunduki magotini.

"Huyu ndiyo fundi?" akauliza. "Mimi naitwa Wahabi. Nimetumwa kuona pikipiki na mwenyewe wamefika kambini. Wewe hapana toka hapa kama bado kumaliza. Lango nimeshaambia."

Owino alifungua tangi, akaliweka chini juu ya gunia. Alichukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaanza kuufuata umeme kutoka kwenye betri. Betri ilikuwa nzima. Fyuzi nzima. Alipofika shingoni mwa pikipiki, mahali fungu la nyaya linapopinda kuelekea kwenye swichi, taa ikagoma. Akalivuta fungu lile taratibu.

Nyaya tano zilikuwa zimekatwa. Nne zilikatika mara moja, ya tano ilikerezwa kwanza, kama aliyeshika kisu alisita. Viunganishi viwili vilikuwa vimeng'olewa na pini zake za shaba kupindwa.

Mke wa Odur, Acayo, alitoka ndani na chai, mtoto mgongoni. Sukari haikuwepo, sukari haikuwepo Kampala nzima. Aliinama kumpa Owino kikombe, akasema kwa Kilango, lugha ambayo Mjaluo akiitegea sikio haimpiti:

"Usiitengeneze. Ni mimi niliyekata." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kama chai imepoa. "Wanawamaliza polisi Walango. Wiki iliyopita Otema na mwenzake waliitwa kambini kuhesabiwa. Hawakurudi."

"Anasema nini?" Wahabi akauliza.

"Ananiuliza kama nitakula," Owino akajibu.

Wahabi alisimama, akaja kuchungulia. Alizitazama zile ncha kwa muda mrefu. Odur naye alisogea, akaziona, akamgeukia mkewe, kisha akayaondoa macho yake haraka.

"Hii imekatwa," Wahabi alisema.

"Ni panya, afande," Owino akasema. "Wanapenda mpira wa nyaya."

Aliendelea kuzichambua zile nyaya. Akisema ukweli, mwanamke huyu angechukuliwa na mtoto wake. Akishikilia uongo ukagundulika, na yeye ni Mkenya asiye na karatasi, hakuna ambaye angeuliza alikwenda wapi.

"Panya," Wahabi akarudia. "Kutengeneza itachukua saa ngapi?"

Kazi ilikuwa ya nusu saa. "Mpaka jioni," Owino akasema.

"Jioni ni mbali. Mimi nakwenda leta lori, tubebe yote." Aliitundika bunduki begani, kisha akasimama mbele ya Odur. Zamani hawa wawili walicheza mpira pamoja katika timu moja. "Odur, unasikia? Lori itachukua saa moja. Pengine zaidi kidogo."

Akaenda zake. Hakuna aliyejua kama lilikuwa onyo au taarifa tu.

"Kimbia," Acayo akamwambia mumewe.

"Faili langu ni safi. Nikikimbia ndipo nitakuwa na kosa."

"Faili la Otema lilikuwa chafu?"

Odur alikaa kwenye kreti. Alivua kofia, akaivaa tena. "Nitafika wapi kwa miguu na mke na mtoto?"

"Kwa pikipiki ya polisi, ukiwa na hilo gwanda," Owino akasema, "vizuizi vitakupigia saluti mpaka ng'ambo ya Jinja, njia ya Kenya."

Alikuwa ameshasema ndipo akaelewa alichosema. Pikipiki ile isingebeba watu wazima watatu. Na langoni palikuwa na askari aliyeambiwa fundi asitoke.

Odur naye alielewa. "Na wewe?"

"Leteni makaa."

Acayo aliwasha jiko. Owino alitumbukiza pasi ya kulehemu kwenye makaa, na wakati inapata moto akazichuna zile ncha kwa meno, akazisokota rangi kwa rangi, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Ya tano ilikuwa fupi mno, ikabidi aiongezee kipande. Mara mbili risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ilidondoka kwenye kidole chake. Utepe wa kufungia ulikuwa umekwisha madukani tangu mwaka jana. Akafunga maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vile viunganishi alivinyoosha pini kwa koleo, akavikaza. Angeweza kulegeza kimoja, kikaachia njiani, Odur akakamatwa na fundi akaachwa. Wazo hilo lilimjia, akalitazama, akakaza zaidi.

Teke la pili, injini ikawaka.

Odur alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Acayo alipanda nyuma na mtoto, bila mzigo wowote, hata kanga ya pili. "Kwako Kisumu ni wapi?" akauliza.

"Kondele. Ulizia Teresa wa mashine ya kusaga."

Langoni Odur alisema anakwenda kambini na mkewe anashukia hospitali. Owino alisikiliza mlio ukishika barabara ya Jinja, ukipungua, mpaka ukamezwa na kelele za malori. Kisha akakaa kwenye kreti ya Wahabi. Alitazama seng'enge. Alimaliza chai iliyopoa, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Lori lilifika baada ya saa moja na nusu.

"Pikipiki iko wapi?" Wahabi aliuliza.

"Ilikubali mapema, afande. Ameipeleka kambini. Hamkukutana njiani?"

Wahabi alitazama jiko, kisha mlango wa nyumba ulioachwa wazi. Nyuma yake, wanajeshi wawili walikuwa wanashuka kwenye lori.

"Siwezi kurudi mikono mitupu," akasema kwa sauti ya chini. Halafu akawapazia sauti wale wawili: "Mwenye pikipiki ametangulia. Huyu ni fundi wa waya. Gari zetu kumi zimelala. Pandisha yeye."

Hivyo ndivyo Owino alivyoingia kambini. Kwa mwezi mzima walimpiga kila siku, wakimuuliza Odur alikokwenda. Baadaye magari yalizidi kuharibika, wakaacha. Alilala ndani ya karakana, mlango ukifungwa kwa nje, miaka miwili na miezi miwili. Aprili 1979 asubuhi moja hakuna aliyekuja kufungua. Alivunja kufuli kwa jeki, akakuta kambi tupu, wanajeshi wamekimbia vita.

Mpakani siku hizo hakuna aliyemuuliza kitambulisho, na alipofika Kondele, Teresa hakupiga kelele alipomwona. Acayo na Odur walikuwa wamefika kwake wiki ileile waliyotoroka, wakamweleza yote, kisha wakahamia Busia.

Odur alikuja kumtazama Jumapili iliyofuata, amevaa suruali ya kiraia iliyompwaya. Waliketi nje, kwa sababu Owino hakuweza tena kukaa chumbani mlango ukifungwa.

"Walikupiga?" Odur akauliza hatimaye.

"Mwanzoni."

Odur aliinamisha kichwa. Owino akamuuliza kama mtoto ameanza shule, wakaongea habari za mtoto mpaka jua likawafikia pale walipokaa.